Mawe Meusi ya Aislandi

Hakuna mtu wa Goma aliyeukimbia moto wa Nyiragongo mara nyingi kama Déogratias, na mara zote aliukimbia akiwa Peckham.

Mlima ulipopasuka, Januari ya mwaka 2002, yeye alikuwa ameshakaa London miaka minne, akipiga deki ofisi za watu alfajiri. Moto aliuona kwenye televisheni ya mapokezi, ndoo miguuni. Jumapili ile kanisani walimpa pole, wakamwomba aseme neno. Alianza vizuri: "Watu wetu walikimbia." Wiki iliyofuata, mbele ya wageni wa Kiingereza, ikawa "tulikimbia." Kufika Pasaka alikuwa anasema "nilikimbia," na mama yake yuko mgongoni. Waumini wengine walitoka Kinshasa na Bujumbura. Hakuna aliyekaa kuhesabu miaka.

Shida ni kwamba mama alibebwa kweli. Aliyembeba ni Gaudensia, mke wa Déogratias, aliyebaki Goma na mkwewe mpaka 2003, karatasi zilipokubaliwa naye akaja London. Jumapili yake ya kwanza Peckham alikaa benchi la mbele, akasikiliza jinsi mumewe alivyombeba mama. Hakusema kitu. Hata nyumbani hakusema kitu. Déogratias angeona afadhali agombezwe.

Mwaka 2006 wakapata pasi za Uingereza. Miradie, mdogo wake Gaudensia, alikuwa anaolewa Boston, basi wakamwacha mtoto wao Exaucé kwa jirani, wakaenda kukata tiketi Wembley kwa Praful, Mhindi wa Mombasa aliyefurahi mno kupata watu wa kuongea nao Kiswahili.

"Mtapitia Aislandi," aliwaambia. "Mtashuka asubuhi, ndege ya Boston ni jioni. Basi la watalii linawachukua palepale uwanjani. Mtaona maajabu, bwana! Ardhi nyeusi tupu, moshi wafuka chini, maji yachemka yenyewe. Watu watoka mbali kuja kuona."

"Ardhi nyeusi yenye moshi," alisema Gaudensia polepole. "Sawa. Tuandikie."

Déogratias alimtazama usoni, hakuambulia kitu.

Aislandi iliwapokea kwa upepo uliotaka kuwavua makoti. Basi likawapeleka kwenye uwanda mweusi usio na mti hata mmoja, mawe yamekunjamana kama uji ulioganda ukifurika sufuriani. Mbele kidogo mvuke ulifuka ardhini, na harufu ilikuwa ya yai viza. Watalii walifunika pua, wakapiga picha. Gaudensia aliinama, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Kuna mtu hapa aliyewahi kuona lava hai?" aliuliza msichana aliyewaongoza.

Mkono wa Déogratias ulikwenda juu wenyewe. Miaka minne ya mazoea. Watalii wakamzunguka, naye akaanza kwa Kiingereza chake kizuri cha kanisani: mlima, usiku mwekundu, mama mgongoni. Gaudensia hakuwa na Kiingereza kingi, lakini neno mgongo alilijua. Alikuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Lewisham. Akamvuta mumewe mkono wa koti.

"Papa Exaucé, uwaambie vizuri. Mimi nitasema, wewe utafsiri."

Déogratias alitamani mvuke ule umfunike. Lakini watu walikuwa wanangoja.

"Ilikuwa Alhamisi," alianza Gaudensia, akilitazama jiwe. "Mama alikataa kutoka bila cherehani yake. Nilimwambia, Mama, chagua, nikubebe wewe au cherehani. Akachagua cherehani. Nikambeba yeye kwa nguvu, akinipiga kichwani mpaka njia ya Gisenyi. Kandambili zangu ziliyeyuka. Mvua ikanyesha, tukalala nje siku tatu. Tuliporudi, nyumba haikuwepo. Nilijua ni hapo kwa sababu ya ncha ya msalaba wa juu ya paa la jirani, ilikuwa imetokeza juu ya mawe. Na siku zile zote Mama aliniuliza neno moja tu: Déo anajua?"

Déogratias alitafsiri yote, neno kwa neno. Habari ya cherehani hakuwahi kuisikia. Wala ya kandambili. Alikuwa ameisimulia safari ile miaka minne, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza mkewe ilikuwaje. Alipofika kwenye swali la mama yake, akalia.

Mtafsiri mzuri husema "mimi" pale mwenyewe anaposema "mimi." Watalii walimwona mwanaume akisema amembeba mama yake, akiyeyusha kandambili, kisha akilia. Walimpigia makofi. Bibi mmoja wa Kimarekani akamkumbatia.

"Si mimi," alisema Déogratias. "Ni yeye. Mimi sikuwepo."

"Bila shaka," alisema yule bibi, akimpigapiga bega. "Sehemu ya mtu hubaki kule."

Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini juu ya mawe. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu aje Ulaya, Déogratias kumwona akicheka hivyo, na hakujua afurahi au aone haya. Akakaa pembeni yake. Akamuuliza, "Cherehani ilipotea kabisa?" Basi lilipowapigia honi alikuwa bado anauliza.

Jumapili baada ya harusi, alisimama kanisani Peckham na kusema yote. Hakuwepo Goma. Alikuwa anapiga deki. Mke wake ndiye aliyembeba mama.

Kisha Pasta Telesphor akainua mikono. "Mmeona unyenyekevu huo? Ndugu yetu anajivua sifa zake mwenyewe, anamvika mkewe! Wanaume, jifunzeni!"

Vigelegele vikalipuka. Baada ya ibada, wazee wakamwomba akatoe ushuhuda ule kwa wenzao wa Croydon.

"Nimejaribu," alimwambia Gaudensia kwenye kituo cha basi.

"Nimeona."

"Twende wote Croydon. Useme mwenyewe."

"Nina shifti," alisema Gaudensia, akifunga vifungo vya koti. "Nenda tu. Lakini Mama alinikaba shingo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ndio alionipigia. Usiwachanganye watu."