Kengele ya Bwana Gaudry

Jumanne moja ya Januari, saa tatu na robo asubuhi, Ursule Pichard alikuwa amepiga magoti kwenye mashua ya madobi iliyofungwa ukingoni mwa mto Seine mjini Paris, akifua kitambaa cha meza cha Bwana Gaudry. Juu yake, gatini, alisimama mchoraji Lormel na turubai zake nne. Kila mwanga ulipobadilika naye alibadilisha turubai. Siku hiyo rangi ya buluu ilimwishia katikati ya ukungu. Ursule akamrushia kifurushi chake cha bluu ya kung'arishia nguo. Lormel akaikoroga na mafuta, akaendelea.

Jua lilikuwa limeshautoboa ukungu. Firmin, mume wa Ursule, alikuwa anavusha tishari lake, taa imewashwa. Stima ya makaa ya Bwana Gaudry ikaja kwa kasi yake ileile ya siku zote, bila kengele, maana Gaudry aliwakataza manahodha wake kengele. Alisema zinawazoesha uoga. Ikampitia Firmin juu. Iliyoopolewa ni kofia tu.

Mahakamani nahodha aliapa kwamba ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wake mwenyewe hakuuona. Ursule akaazima ile turubai, akaipeleka. Jua limo, na taa ya Firmin imo, mpako mmoja wa rangi ya chungwa. Hakimu akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Ursule akamwomba arudi nyuma hatua sita, ndipo aone.

"Hakimu harudi nyuma, mama," alijibu. "Haya ni madoa matupu. Wewe si dobi? Yafue."

Watu wakacheka, kesi ikafutwa. Jioni ileile Gaudry akainunua picha, awaonyeshe wageni jinsi ukungu ulivyokuwa mzito. Lormel aliuza, njaa haina aibu. Ursule hakumlaani. Laana zake alikuwa anamwekea mtu mwingine.

Ijumaa alipeleka vitambaa safi kwa Gaudry. Picha ilikuwa imetundikwa chumba cha kulia. Mtumishi, Clotilde, alipokwenda kupanga vitambaa kabatini, Ursule alihesabu hatua sita kinyumenyume.

"Bluu hiyo ni yangu," aliiambia picha. "Toka."

Ukungu ukatoka. Uliteremka ukutani, ukapita chini ya meza, ukapanda ngazi, ukaijaza nyumba mpaka darini, unanuka mto na makaa. Clotilde alirudi na taa mkononi, akauliza vitambaa vilivyobaki aviweke wapi.

Wiki ya kwanza Gaudry aligongana na sinia la mpishi wake, akavunjika jino. Ya pili aliunguza mkono kwenye jiko la moto. Picha ikapelekwa stoo, ukungu ukabaki. Na kila siku, saa tatu na robo, taa ndogo ya rangi ya chungwa ilikatiza chumba cha kulia, usawa wa kifua chake, wala haikumpisha. Wiki ya tatu alinunua kengele. Tangu hapo hakwenda hata msalani bila kuigonga. Mkuki kwa nguruwe.

"Siku moja ataumia vibaya, Mama Ursule," Clotilde alisema mlangoni.

"Kwani hana kengele?"

Utamu wa neno hilo ulimkaa Ursule mdomoni mpaka mtoni. Hakuona haya, na kanisani hakuliungama.

Wageni walizoea, wakawa wanakuja chakula cha mchana na taa zao. Hakimu naye alikuja, akausifu ukungu.

Mwezi Machi, asubuhi moja, ukungu ulitanda pia mtoni. Ursule alikuwa anasuuza mashuka ya nyumba ileile. Kutoka dirishani kwa Gaudry kengele ilisikika vizuri, ngazi kwa ngazi, mpaka madobi wakajua amefika wapi. Kisha mashua ikanyanyuka ghafla kwa wimbi, nao wakadaka sabuni zao. Stima ya Gaudry ilikuwa imeshapita, kimya kama ile ya Januari.