Dozi ya Munyiva

Siku ya nne baada ya upasuaji, Munyiva alitema dawa yote kwenye leso ya nyanya yake.

Kaluki hakumgombeza. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemwachia mjukuu wake huyu wa miaka mitatu uhai, ikamnyang'anya masikio. Sasa, mwaka wa 2007, madaktari wa Nairobi walikuwa wamempandikiza kifaa cha kusikia nyuma ya sikio la kulia, wakamrudisha Kitengela na chupa ya antibiotiki. Mama yake, Mbeke, binti ya Kaluki, alishinda kazini kwenye shamba la maua, na mtoto alishinda na Kaluki.

"Kwani kidonda si kimekauka?" aliuliza Wahu, jirani yao. "Na vile tumbo linamwendesha! Si muache tu hiyo dawa, Mama Mbeke."

Kaluki aliitazama ile bandeji safi, akakaribia kukubali. Lakini alimpigia kwanza Okoth, muuguzi wa hospitali.

"Aendelee, mama. Siku saba zote," Okoth alisema. "Viini vikiingia kwenye hicho kifaa, huenda kikatolewa. Na vinaweza kufika kwa ubongo. Mpe maji mengi. Akizidi kuendesha, ama apate homa, mlete leo leo."

Ubongo. Kaluki alizikumbuka wiki tatu za homa ile kando ya kitanda, akitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka. Hapana, hangerudi huko.

Lakini mtoto asiyesikia utamwelezaje? Alichukua mwanasesere wa vitambaa, akamfunga kichwa kwa kitambaa cheupe, akamlisha kwa kijiko kitupu, kisha yeye mwenyewe akakunja uso kana kwamba ameonja dawa chungu. Munyiva akacheka. Akampokonya kijiko, akamlisha mwanasesere mara tatu bila huruma. Halafu akafungua mdomo wake.

Wakafanya hivyo asubuhi na jioni mpaka siku ya saba. Tumbo likatulia. Siku ya kutoa nyuzi, daktari alipapasa taratibu pembeni mwa kovu. "Hakuna usaha, hakuna joto," akasema. Kaluki akamkumbatia mjukuu wake.

Baada ya mwezi wa kungoja kidonda kipone, kifaa kikawashwa hospitalini.

"Munyiva," Kaluki aliita. "Munyiva wa susu, wa nyanya yako."

Mtoto akashtuka, akaangua kilio, akamparamia mapajani. Kisha kilio kikakatika ghafla. Akaweka kiganja kwenye koo la nyanya yake, akangoja aseme tena.