Mbeba Mzigo Aliyevishwa Viatu

Mama hakusalimia. "Yule binti wa kitengo cha kusokota amefiwa na mumewe," alisema kwenye simu. "Mashine imemvuta mkono, ikamalizia na mwili. Niletee sarafu yangu. Kesho tunampelekea."

"Nitaileta, mama," Gavana akajibu, ingawa sarafu ya mama haikuwepo tena duniani.

Gavana alikuwa fundi wa majokofu. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa karakana, kwa kuwa akianza kuzungumzia sarafu ungedhani benki kuu ni ya mjomba wake. Sebuleni kwake lilisimama kabati la kioo, na ndani, kila moja kwenye kasha lake la plastiki, zilipangwa sarafu za dhahabu ambazo benki hiyo huzitoa kwa kumbukumbu: michoro ya kale, ile iliyokuwa kwenye hela za babu zetu, imefufuliwa ikang'aa kama haijawahi kushikwa na mkono wenye jasho. Tai. Mnara. Farasi wawili. Watoto walikatazwa kulisogelea kabati hata kwa kufuta vumbi.

Sarafu ya mama ilikuwa kitu kingine. Wafanyakazi wa kiwanda cha kamba waliichangia siku boila lilipopasuka, wakampa mke wa fundi wa boila, ambaye kampuni ilimpa pole kwa mkono mmoja na kumtoa kwenye nyumba kwa mkono wa pili. Ilikuwa dhahabu ya zamani, yenye mwanamke peku, mzigo kichwani, shingo imekaza. Aliivaa mpaka mwenzake alipofiwa, akaivua akampa. Huyo naye akampa mwingine. Kila aliyeipokea alikatiwa pengo dogo ukingoni kwa tupa, na wanawake wa kiwanda walijua kila pengo ni la nani.

Mama yake Gavana ndiye aliyeipokea mwisho, baba alipobanwa na roli la mashine. Alikaa nayo miaka na miaka, si kwa kuwa kiwanda kilitubu. Kilijifunza kuajiri vibarua, watu wa kufunikwa turubai na kurudishwa kwao garini kabla wanawake hawajajua hata wanaitwa nani. Meneja alisimama jukwaani akatangaza kwamba ajali zimekwisha. Akapigiwa makofi. Waliopiga tunawakumbuka, mmoja mmoja.

Kisha pete ya kuning'inizia ikakatika, na mama akampa mwanawe aitengeneze. Gavana, kwa kujionyesha tu, akapitia kwanza duka la sarafu.

"Imetobolewa, imekwanguliwa ukingo mzima," mwenye duka alisema, lenzi jichoni, kama daktari anayethibitisha kifo. "Kwa sisi wakusanyaji hii imekufa, bwana. Ni ya kuyeyusha tu. Lakini hebu muone dada yake."

Akamsogezea Mbeba Mzigo mpya, mchoro uleule, ndani ya kasha. Ndiye pekee aliyekosekana kabatini. Gavana akajiambia kwamba mama atapata iliyo bora: picha ileile, dhahabu safi, haina kovu. Ndivyo wakusanyaji walivyojizoesha kuona. Kovu ni hasara, basi. Akaacha ile, akaongezea pesa kidogo, akaondoka na hii. Wala hakuipeleka kwa mama. Aliiweka kabatini, na mama akawa anaambiwa kwamba sonara bado anatafuta pete inayofanana. Moyo ulipomsuta akarudi dukani, ile ya zamani ilikuwa imeshaingia tanuri.

Sasa, jioni hiyo ya simu, alivunja kasha kwa bisibisi. Akatoboa tundu. Akashika tupa na kukata mapengo kwa kukumbuka, moja baada ya jingine. Hapo ndipo alipomtazama vizuri yule mwanamke. Alikuwa amevaa viatu. Tangu lini? Mzigo nao umepunguzwa, shingo imelegezwa, mdomoni ametiwa tabasamu. Wakubwa wakitaka kumkumbuka maskini, lazima kwanza wamwogeshe.

Kesho yake mama aliipokea kwa viganja vyote viwili. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho, na kamba zilikuwa zimemla ncha za vidole zamani. Alichobaki nacho ni kucha. Akaipitisha ukingoni, polepole.

"Hili la mke wa fundi wa boila. Hili la Mama Kicheko. Alicheka hata kaburini kwa mumewe yule, watu wakadhani karukwa na akili. Hili la mama wa mapacha." Akaendelea mpaka mwisho, akasimama. "Na hili letu. Baba yako yumo humu."

"Ndiyo, mama."

"Sauti imekukwama. Bado unamlilia, eh? Vizuri, mwanangu. Wengine husahau."

Gavana alitamani ardhi impokee.

Chumba cha mjane kilijaa wanawake wa kiwanda, wamekaa mikekani. Mama akamwekea binti sarafu mkononi, akamwambia maneno ya kumwambia, kisha akasema, "Mwanangu huyu ana mkono wa ufundi. Atakukatia pengo lako."

Binti aliigeuza kuelekea dirishani. Akaitazama. Akamtazama Gavana.

"Kaka, njoo unisaidie sufuria jikoni."

Jikoni hakugusa sufuria yoyote. "Huyu ana viatu."

Gavana akainua kifuniko cha sufuria, akakirudisha.

"Tangazo la sarafu hii liko ukutani ofisi ya malipo. Nimelikodolea macho asubuhi nzima nikisubiri kuambiwa kwamba mume wangu alizembea. Ile yetu iko wapi?"

"Imeyeyushwa."

"Na haya mapengo?"

"Nimekata mimi. Jana."

Binti alivuta pumzi ndefu. "Leo nimeshasomewa uongo mmoja, na mtu mwenye tai. Wa pili siuvai shingoni. Nenda kamwambie mama yako. Ukishindwa nitamwambia mimi, na leo sina adabu."

Gavana akarudi chumbani, akapiga magoti mbele ya mama, akasema yote. Hakujua sentensi ianzie wapi, ikaanzia kwenye kabati.

"Loo! Ndiyo maana wanakuita Gavana!" akafoka mwanamke mmoja wa pale mlangoni. "Benki na wewe, tabia moja!"

Mama alinyoosha mkono kutaka kimya.

"Nilipokuwa nawataja wenzangu, nilikuwa nataja makwaruzo yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukanijibu hivyohivyo. Ndiyo, mama."

Binti akamrudishia Gavana sarafu.

"Yafute."

Akayafuta palepale, vumbi la dhahabu likimwangukia suruali, wala hakuthubutu kulipangusa. Mama akasubiri mpaka kucha yake isikute kitu.

"Utapita nayo mlango kwa mlango. Kwa watoto wa fundi wa boila. Kwa mapacha. Kwa Mama Kicheko, bado yuko hai, bado anacheka, na safari hii atakucheka wewe. Kila nyumba utaeleza ulichofanya, kwa mdomo wako, ndipo wakate la kwao. Binti atakata la mwisho. Kama bado anaitaka."

"Naitaka," binti akasema. "Ila avuliwe viatu kwanza."

Wanawake wawili watatu wakacheka, wakajiziba midomo. Mama hakucheka.

"Tutaanza na langu," alisema. "Nipe tupa."

Gavana akaibana sarafu kati ya vidole, akamsogezea. Mama hakuona anapokata. Tupa iliteleza, ikamkwangua Gavana kucha, ikateleza tena, ikaingia kwenye nyama ya kidole gumba. Hakuuondoa mkono.

"Shika vizuri," mama akasema, na hakumwita mwanangu.