Baada ya Mpira Kugonga Mlingoti

Kli. Mnyororo wa mlango wetu uligusa mbao, kama mtu ameegemea kwa nje, kisha ukatulia. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, lakini Novemba ya Toronto haisubiri usiku. Taa tulikuwa tumezizima wenyewe tangu Jumamosi, na mapazia tumeyafunga.

"Usijibu," mume wangu Nadim alinong'ona.

Nilimpakata Zahira, binti yetu wa miaka mitano.

Nadim ni mpigaji katika timu ndogo ya mpira wa Kimarekani, ule wa mpira mrefu kama yai na wanaume kuangushana. Yeye haangushi mtu. Husimama pembeni akipigwa na baridi mpaka aitwe aupitishe mpira katikati ya milingoti. Msimu huu aliupitisha kila mara. Hapa mtaani kwetu, St. James Town, hata wasiojua sheria za mchezo walimwita "Mguu". Jumamosi ikawa fainali, theluji imeanza, sekunde za mwisho. Mpira ukagonga mlingoti, ukarudi. Tukafungwa kwa pointi moja.

Simu yake ikaanza hapohapo. Walikuwa watu waliobeti. Kwanza matusi. Kisha mmoja akaandika jina la jengo letu na ghorofa, ya kumi na sita, na neno moja: "Tunakuja." Polisi walichukua maelezo, wakasema tukiona mtu tuwapigie. Tangu hapo Nadim hajatoka, mimi sijaenda darasa langu la jioni, na simu hatupokei ya mtu yeyote.

Sasa nyayo. Si za mtu mmoja. Minong'ono, kisha kitu kizito cha chuma kikawekwa sakafuni. Nadim akachukua mti wa kusukumia chapati. Mimi nilikuwa natafuta namba ya polisi, kidole kinateleza kwa jasho.

Wakagonga.

"Maman Zahira! Fungula. Ni mie, Thacienne."

Nilichungulia kwenye kitundu. Thacienne wa ghorofa ya tisa, Mkongo, na wanawake wengine watano, kanga viunoni, sufuria miguuni. Nilifungua. Akaniangukia shingoni analia.

"Pole, maman, pole. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Giza siku tatu, simu hamshiki, mapazia chini!" alisema Goretti, Mkenya, akivua viatu tayari kutandika mkeka. "Na si mngetuambia jamani? Mtu huwa halii msiba peke yake."

Thacienne akamwona Nadim. "Baba Zahira, na huo mti? Unataka kupiga wafariji?"

Lifti ikafunguka nyuma yao. Niliruka nikampiga kikumbo Goretti. Aliyetoka alikuwa kijana na kapu la nguo za kufua tu. Wanawake wale walikuwa wameujaza ushoroba kiasi kwamba hata yeye alikosa pa kupita, akasimama akiomba radhi.

Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Mwanangu," Thacienne aliniuliza polepole, "amekufa nani?"

Nadim aliinamisha kichwa. Jibu lilikuwa neno ambalo hatukuwa tumelitamka nyumbani tangu Jumamosi. Zahira, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alitoka mpaka kwenye mwanga wa ushoroba, akawatazama kina mama mmoja mmoja.

"Hakuna mtu amekufa, baba alikosa tu."