Miji Aliyoitoa Rutinwa

Usingizi wa homa hauna adabu, jamani. Unaingia mchana kweupe bila hodi, unamkuta mtu na uji mdomoni. Ndivyo unavyomkuta Rutinwa. Ana miaka kumi na minane, mrithi pekee wa mfalme mkuu wa Bugurura, na amelala ugenini, kwenye nchi ya theluji, mapafu yamemchoka kabisa. Mama Kagemulo, yaya aliyetekwa pamoja naye, anamwambia, kunywa kidogo baba, vijiko viwili tu. Anafungua mdomo, anakiona kijiko kinakuja, kinakuja, hakifiki, na ukuta wa chumba unageuka barabara.

Anatembea. Udongo ni mwekundu kama wa kwao, migomba imejipanga huku na huku, lakini kila mgomba anaoupita anaukuta tena mbele, ni ule ule, wenye jani lililochanika, na anaupita, na uko mbele. Kisha mji. Chini ya mji, kwenye maji yaliyotulia, kuna mji mwingine umepinduka, watu wake wanatembea vichwa chini na moshi wa majiko yao unashuka. Langoni amesimama mtu asiye na uso. Si kwamba ameufunika. Hana, pale penye macho na pua pamelainika tu kama kisigino cha mtoto. Unamtafuta nani, anauliza. Baba yangu. Una shida gani naye? Nina swali moja tu, anasema Rutinwa, nikijibiwa narudi.

Niwaambie swali lenyewe, maana limemtafuna huyu kijana kuliko homa. Kwao Bugurura nywele za mrithi haziguswi maadamu baba yake anapumua. Mfalme akikata roho, siku hiyo hiyo mrithi hunyolewa, na kunyolewa ndiko kutawazwa. Sasa wageni walipoivunja Bugurura, baba walimfunga kisiwani, na mtoto wa miaka saba wakampeleka shule kule kwao kwenye baridi. Wenzake darasani walizivuta nywele zile, wakamwita msichana, wakamwita kondoo, mpaka siku moja akaenda kwa miguu yake mwenyewe, hakuburutwa na mtu, akamwomba mama wa bweni amnyoe. Siku ya tatu barua ikafika, akaambiwa mfalme amefariki. Masikini! Mtoto hakuhitaji kuelezwa zaidi. Amemuua baba yake kwa mkasi. Barua hakuisoma, iko sandukuni mpaka leo, wala hakumuuliza mtu, akalibeba jambo lake peke yake miaka kumi na mmoja.

Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, anajibu Rutinwa. Huondoka kikiwa kibichi, hufika kimeoza, na anayekipokea hudhani ndiyo kwanza kimechumwa. Ndizi, anasema Rutinwa. Siyo. Papai. Siyo, umeshindwa, nipe mji. Sote tumecheza mchezo huu utotoni, ukishindwa unatoa mji, na sisi tuliigawa miji ya watu kwa kicheko, Mombasa yote na Tabora yake, kwa kuwa haikuwa yetu. Rutinwa miji ni yake. Anatoa Kishenge, mji wa wahunzi. Asiye na uso anapokea, anasema, nimekwenda Kishenge, nimekula, nimekunywa, wahunzi wameniuliza mfalme wao yuko wapi, nikawaambia nimemwacha njiani. Nyundo zinanyamaza, juu na majini, na pale palipokuwa na mji pamebaki majani. Jibu lake, anadai Rutinwa, ukipewa mji unatoa jibu, usinidhulumu! Jibu analo baba yako, na baba yako anakaa baada ya mji wa mwisho.

Barabara inaanza upya, na mgomba wenye jani lililochanika, na mji, na mji chini ya mji, na asiye na uso, labda yule yule, labda ndugu yake, nani atawatofautisha? Kitendawili ni kile kile. Anatoa mji wa wafinyanzi, anatoa mji wa chumvi, anatoa miji ambayo baba yake alipoteza jeshi zima kuipata, anaitoa haraka haraka, na nyuma yake nchi inakuwa kimya.

Unabaki Ihanda, alikozaliwa. Kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza mwanamke anachambua maharage, na huyu ana uso. Usitutoe, baba, anasema, tumebaki sisi tu. Rutinwa anapiga magoti. Mama, nitakuwaje mfalme wenu ikiwa nimemuua mfalme wenu? Mwanamke anakusanya maharage yake kwenye ungo. Basi toa, anasema. Anatoa, huku analia.

Baba amekaa kwenye kigoda, uwanda mtupu, hakuna mji wala kivuli cha mji. Amekonda. Umekuwa mrefu, anasema. Baba, ni mimi niliyekuua? Wewe? Jibu la kitendawili ni habari, mwanangu. Mimi nilikufa wiki ya mavuno, kwa kuhara, chumba kina dirisha moja. Barua ikangoja meli, ikalala bandarini, ikapanda treni, siku arobaini nzima. Uliponyolewa nilishaoza. Ulikuwa mfalme mkuu siku zote hizo, umekaa dawati la nyuma, unachapwa rula kwa kukosea hesabu, na hakuna aliyekuambia. Rutinwa anaangua kilio. Lakini baba, miji nimeimaliza! Najua, anasema baba, hata mimi ilinishinda.

Kijiko kinagusa meno. Uji umepoa, dirishani kuna mwanga mweupe, na Mama Kagemulo anamfuta jasho. Barua ilichukua siku arobaini, anamwambia. Nani kakuambia? Baba. Yaya anaweka kikombe chini taratibu. Siku barua ilipofika nilikupigia magoti, anasema, ukanipiga teke, ukajificha chini ya kitanda, ukalia nisirudie tena maisha yangu yote. Sikurudia. Rutinwa anavuta pumzi, inakwama, anaivuta tena. Rudia, anasema.

Bibi wa watu anashika ukingo wa kitanda, anajishusha goti moja, na la pili, mifupa inalia kwenye mbao. Rutinwa anamtazama vizuri, anatafuta alama yoyote ya kumwambia hapa ni wapi, na haioni. Mfalme wangu, anasema Mama Kagemulo, umeamkaje? Nimeamka salama, anajibu, ingawa hana hakika kama ameamka.