Ditekta Iliyogharimu Ng'ombe Mmoja

Mdogo wangu Luhaga alikuwa na akili nyingi, tatizo zilikuwa zinamjia mambo yakishaharibika. Siku tuliyokwenda Bariadi mjini kuchagua ditekta, akili zilichelewa kama kawaida yake, na mimi dada mtu sikuwa na ubavu wa kuzisubiri.

Duka la Athanasi lilikuwa limejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulikuwa tukivisikia tu. Enzi za ruksa zilikuwa zimeingia, biashara imefunguliwa, basi kulikuwa na redio za kaseti, tochi, sabuni za kila rangi na marobota ya mitumba hadi darini. Nyuma ya marobota alikuwa ameweka ditekta mbili, mashine za kutafutia vyuma ardhini, alizoletewa kutoka Mwanza kwa ajili ya wachimbaji wa dhahabu. Moja ilikuwa kubwa na mpya. Nyingine ilikuwa ndogo, imefungwa utepe mweusi shingoni, na imeshapita mikononi mwa watu.

Athanasi alimwaga mchanga kwenye beseni la plastiki, akafukia msumari, kizibo cha soda na senti ya shaba ya wakati wa mkoloni. Ile kubwa ilipopita juu ya msumari ilikoroma, ilipofika kwenye senti ikapiga sauti nyembamba. Ile ndogo ililia sauti ile ile kwa vyote vitatu, halafu ikaulilia mshipi wa Luhaga.

"Hii kubwa inachagua," Athanasi alisema. "Unaiambia chuma sitaki, nipe shaba. Tena inafika chini. Hii ndogo haichagui, na chini haiendi mbali."

"Lakini shaba inaiona?" Luhaga aliuliza.

"Inaiona. Inaona kila kitu, ndiyo shida yake."

Athanasi alikuwa pia mfanyabiashara wa ng'ombe, kwa hiyo bei tuliongea kwa ng'ombe. Kubwa aliitaka kwa wawili, ndogo kwa mmoja. Luhaga alikuwa na wawili tu duniani, maksai wake wa kulimia. Nilimvuta nje.

"Chukua kubwa, au turudi nyumbani."

"Dada, nikitoa wote wawili nitalima na nini?"

"Na ukitoa mmoja utalima na nini? Plau inavutwa na wawili. Huyo atakayebaki utamfunga nira pamoja na mkeo?"

Alicheka, akasema ataazima wa jirani, kwamba nusu hasara ni afadhali kuliko hasara nzima. Akarudi ndani akachukua ndogo. Nilikasirika mpaka kichwa kikaniuma, lakini maksai hawakuwa wangu.

Watu wa kijijini kwetu Ngulyati walipoiona ile mashine hawakushangaa. Tangu Luhaga apunguzwe kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, makampuni ya watu binafsi yalipoanza kugombania pamba, alikuwa amejipatia starehe yake. Wenzake walicheza bao, yeye kila Jumapili baada ya misa alichukua nondo akaenda kuchomachoma chini ya mawe makubwa, akitafuta rupia zilizofukiwa na Wajerumani. Alikuwa ameshapata kifungo cha koti na nusu ya kijiko. Tulimtania sana, naye alicheka pamoja nasi.

Ila ditekta haikununuliwa kwa ajili ya rupia. Ilinunuliwa kwa ajili ya mama.

Mama yetu, Nyamizi, alikuwa anakufa. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali walituambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Alitaka jambo moja tu, azikwe karibu na baba. Na kaburi la baba tulikuwa hatujui lilipo.

Kwetu mwenye mji, yaani baba wa nyumba, alizikwa zizini. Akishafukiwa, ng'ombe walipitishwa juu yake mpaka ardhi isionyeshe kitu, ili mtu mwenye nia mbaya asijue amelala wapi. Waliojua walikuwa wa nyumbani, na wa nyumbani hawakusema. Baba yetu Maganga alizikwa hivyo. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Vijiji, tukahamishwa na vyombo vyetu kichwani, na mji ukabaki itongo, mahali palipokuwa na watu na sasa hapana. Zizi likaoza, kuta zikayeyuka na mvua, minyaa ya uzio ikang'olewa. Sasa lilikuwa shamba la pamba la bwana mmoja anaitwa Masele. Tulimpeleka mama kwa baiskeli, Luhaga akisukuma, mimi nikimshika mgongo. Alilitazama lile shamba muda mrefu. Hata mlango wa nyumba yake hakuweza kuonyesha ulikuwa upande gani, akaanza kulia, na mimi nikalia.

Kitu pekee tulichokuwa nacho ni bangili. Baba alivaa bangili nene ya shaba iliyokuwa imembana mkono, na alipokufa ilikataa kutoka, akazikwa nayo. Mama alikuwa na hakika pia kwamba kaburi halikwenda chini sana, maana ulikuwa mwaka wa ukame na ardhi ilikuwa ngumu. Luhaga ndiye aliyemwambia mama, mayu, kuna mashine.

"Tafuteni," mama alisema. "Lakini msimwambie mtu. Mkiulizwa mnatafuta nini, semeni kitu kingine."

Kitu kingine kilikuwepo tayari. Tulimwambia Masele tunatafuta rupia, akacheka, akaturuhusu mpaka mvua za kupandia zianze, mradi tufukie mashimo.

Basi tukaanza, na ile mashine ikaanza kulia, ikalilia shamba zima. Tulichimba tukapata kipande cha jembe. Tukachimba tukapata mfuniko wa sufuria, spoku ya baiskeli, kizibo, ganda la betri, pini ya trekta la Masele. Kila ilipolia, Luhaga alipiga magoti akafukua kwa mikono, kisha kinatoka kizibo. Mara kumi ningesamehe. Ilikuwa kutwa nzima, na kesho yake, na keshokutwa. Sijawahi kukichukia kitu kisicho na roho kama nilivyoichukia ile mashine.

Watu wa njiani walisimama wakatusalimu. "Mwangaluka. Mnatafuta nini?"

"Mwangaluka. Rupia," Luhaga alijibu.

"Mmepata?"

"Bado."

Wangeishia hapo wakaenda zao. Lakini mdogo wangu aliona aibu watu wasije wakaona makopo anayoyachimbua, kwa hiyo aliyatia kwenye gunia, na jioni alilibeba gunia begani, amelifunika kwa koti lake, mgongo umepinda kwa uzito. Mtu aliyesema hajapata kitu anarudi nyumbani na gunia zito amelifunika. Nani angemwamini?

Asubuhi moja tulifika tukakuta watu shambani. Walikuwa na majembe, sururu, wengine na familia zao, wamekaa kwa mafungu kama wanaopalilia. Walikuwa wamefukua mashimo yetu yote, wakayapanua, wakaongeza ya kwao. Masele alikuwa amesimama pembeni anapiga kelele mpaka sauti imekauka. Wakaitwa sungusungu, walinzi wa kijiji, waje wawafukuze. Sungusungu walikuja na pinde zao kweli, wakakaripia, wakazungukazunguka, na kufika mchana nao walikuwa wameshaazima majembe.

Luhaga alikaa chini. Mimi nilishindwa kuvumilia. Niliingia katikati ya wale watu, nikasahau alichosema mama, nikapiga kelele.

"Acheni! Hapa kuna kaburi! Hapa amelala baba yangu!"

Waligeuka wakanitazama. Halafu mwanamke mmoja, jirani yangu kabisa, tunasali kanisa moja, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Eufrasia, jana mlisema rupia. Leo mmeona tumekuja, imekuwa kaburi?"

Wakacheka wote, wakaendelea kuchimba. Nilisimama pale nikiwatazama. Neno la kweli nilikuwa nimeshalisema.

Walichimba wiki nzima, mpaka mvua ya kwanza ilipojaza mashimo maji wakachoka. Siku mbili baada ya hapo, Joakim fundi baiskeli alikuja nyumbani kwa Luhaga. Nilikuwepo, nimeleta uji wa mama, ambaye alikuwa amelazwa chumba cha ndani. Joakim alikuwa na heshima zake, alisalimia vizuri, akaketi, akatoa kitu kwenye mfuko wa suruali.

"Nimekuja kwako kama mtaalamu," alimwambia Luhaga. "Nimeipata kule. Hii ni ya Mjerumani?"

Ilikuwa bangili ya shaba, nene, imeota ukijani. Luhaga hakuigusa. Mimi ndiye niliyeichukua, na ilikuwa nzito mkononi mwangu kama nilivyoikumbuka nilipokuwa mtoto, baba akinibeba.

"Uliipata wapi?" Luhaga aliuliza. Sauti yake sikuijua.

"Kule kule kwa Masele."

"Shimo lipi?"

"Kaka, mashimo yenyewe yale, yanafanana yote. Na sasa yamejaa maji, mengine yameshabomoka."

"Kulikuwa na nini kingine?"

Joakim alifikiri. "Hakuna. Mifupa ya ng'ombe tu. Si palikuwa zizi zamani? Tuliitupa pembeni tukaendelea."

"Pembeni wapi, Joakim?"

"Pembeni tu. Hata wengine walikuwa wanatupa. Kuna mifupa mingi sana kule."

Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemrukia. Alikuwa anatutazama na mshangao, akisubiri kuambiwa kama amekuwa tajiri. Luhaga alimwambia kwamba bangili si ya Mjerumani, ni ya hapa hapa, lakini yeye ameipenda. Akaenda kwenye kona, akachukua ditekta, akampa. Joakim hakuamini. Aliikumbatia mashine akaondoka mbio kabla mdogo wangu hajabadili mawazo.

Tulibaki tumekaa. Nilisema tuifiche, tumwambie mama tumemwona baba, tumepaweka alama. Luhaga akasema hapana. Kisha akasema ndiyo. Tulikuwa tunanong'ona, lakini nyumba ni ndogo, na mgonjwa hana kazi nyingine zaidi ya kusikiliza.

"Leteni," mama aliita.

Tuliingia. Nilimwekea bangili kiganjani. Aliisugua na kidole gumba, akaipeleka puani, akainusa, na uso wake ukafunguka. Miezi yote ile sikuwa nimemwona mama yangu akifurahi hivyo.

"Mmempata," alisema. "Ng'wanawane, mwanangu, mmempata." Alimshika Luhaga mkono. "Amelala upande gani? Karibu na mlango wa zizi au kule ndani?"

Luhaga alinitazama. Uongo nilikuwa nimeuandaa, maneno yote yalikuwa tayari, na niliufungua mdomo.

"Karibu na mlango, mayu," nilisema.

"Na mkono mliufunika vizuri, baada ya kuivua hii?"

Luhaga aliweka uso wake kwenye blanketi la mama, mabega yakaanza kumtikisika. Mama aliutazama mgongo wake, akanitazama mimi, akaitazama bangili. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, na sikuweza kumzuia.

"Mmeniletea bangili," alisema. "Yeye mmemwacha wapi?"

Alingoja jibu. Alingoja kwa utaratibu, kama mtu mwenye haki ya kujibiwa. Alipoona halipo, aliivaa bangili mkononi mwake, ikamwishia kiwikoni kwa jinsi alivyokonda, akajigeuza polepole akatazama ukuta.

Aliishi mpaka watu walipomaliza kupanda. Padri alikuja, majirani walikuja, na kila aliyemsalimia alimwitikia. Ila suala la atazikwa wapi hakulitaja tena, na sisi hatukuthubutu kumuuliza.