Bi Hafsa Afika Kambizi

Eda ya Mwatumu ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha mama yake, Bi Hafsa, aliposhuka kwenye treni, miguu imevimba kwa safari ya basi na reli kutoka Pangani kule pwani. Hata hakuketi.

"Nimekuja kukuchukua," alisema. "Mume amekwenda kwa Mola wake. Huku umebakiwa na nini?"

Mwatumu alimwinamia, akamwambia shikamoo, akampa maji.

Kambizi ndiyo bandari kubwa ya nchi ya Ruvanga, mji uliotandaa ukingoni mwa Ziwa Nzeru. Reli inatoka bara, inapita katikati ya soko, na haikomi mpaka imeingia tumboni mwa meli. Mabehewa yanavushwa ng'ambo na mizigo yake, kama watoto waliobebwa usingizini. Wakubwa wanakaa kilimani. Wengine wote wako bondeni, Mtaa wa Magunia, penye harufu ya dagaa na dizeli na lugha nne katika kibaraza kimoja. Marehemu Tahiri, kijana wa Nguvumali kule pwani, alipata kazi bandarini ya kuendesha winchi, akamleta Mwatumu angali bibi arusi. Mwaka wa kwanza Mwatumu alilia kila jioni. Baadaye alianza kupika mikate ya kumimina na kuwauzia makuli getini, na kilio akakisahau pole pole, bila kujua ni lini.

Asubuhi ya pili alimtembeza mama yake. Bi Hafsa alichovya vidole ziwani, akavilamba.

"Hayana chumvi."

"Ni ziwa, mama."

"Ndiyo nasema. Maji makubwa hivi, hayana ladha!"

Kila alichoonyeshwa alikitia kasoro. Samaki wana miiba, nazi zinauzwa kama dhahabu, adhana inapotea katikati ya honi za meli. Pale kaburini kwa Tahiri, juu ya mteremko, ndipo alipoliuliza lililomleta.

"Na weye ukifa, nani atakuosha? Hawa?"

"Wapo wanawake wa msikitini, mama. Na Tahiri, makuli ndio waliombeba, Waislamu na wasio Waislamu, mpaka hapa juu. Winchi zote zilisimama siku ile."

Uso wa Bi Hafsa haukulegea.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, upepo mbaya ulivuma kutoka ng'ambo. Ziwa likageuka jeusi. Meli ya mabehewa ilikuwa haijarudi, na ndani yake alikuwamo Rafaeli, fundi wa mitambo, mume wa Kristina mkaanga dagaa, jirani wa Mwatumu wa ukuta kwa ukuta. Hakuna aliyepiga mbiu. Wanawake wa sokoni walifunika biashara zao mmoja baada ya mwingine, wakateremka gatini. Ndiyo desturi ya Kambizi: meli ikichelewa, mke wa baharia hasubiri peke yake.

Mwatumu alitoka mbio, akamwacha mama yake kibarazani. Gatini alimkuta Kristina ameshika chuma cha kufungia kamba, macho ziwani. Mvua iliwapiga. Mwatumu alipogeuka alimwona Bi Hafsa anakuja kwa mwendo wake wa kuchechemea, kanga imemganda mwilini, mkononi birika la chai. Alimmiminia Kristina kikombe, akamshika mkono wake mwingine, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Kristina, Mkatoliki, kila dua ikiisha aliitikia amina.

Meli ilitokea kwenye mvua ikiwa imelala upande. Rafaeli alishuka mkono umevunjika, mkewe akamrukia bila kuuangalia, naye akapiga ukelele wa maumivu uliowachekesha watu wote huku machozi yanawatoka.

Nyumbani, wakikausha nywele, Bi Hafsa alisema, "Nilidhani uko peke yako huku."

"Siko peke yangu, mama."

"Nimeona." Alikamua ncha ya kanga, akaikamua tena ingawa haikuwa na maji. "Kumbe aliye peke yake ni miye. Ile nyumba ya Pangani imenishinda, mwanangu. Kivuko kinanguruma mtoni, nageuka nimwambie mtu 'sikia', hakuna mtu."

Mwatumu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hili hakulitazamia. Miaka yote alimdhania mama yake ni mtu asiyehitaji chochote. Alimsogelea.

"Basi kaa na mimi."

"Kwenye maji haya yasiyo chumvi? Hapana." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi ni wa Pangani. Weye ni wa huku, basi. Lakini nitafutie mtu."

Mwatumu alichukua simu pale pale, akampigia Tausi, binti wa dada yake, aliyekuwa Mkwaja, kijiji kisicho mbali na Pangani, akitafuta mahali pa kuwekea cherehani yake. Tausi alikubali kuhamia kwa bibi yake kabla hajamaliza kuelezwa.

Bi Hafsa alikaa mpaka Idi. Siku ya safari Kristina ndiye aliyelia zaidi stesheni, hata Bi Hafsa akamkaripia. Kisha alimvuta mwanawe pembeni.

"Mwakani uje weye," alimwambia. "Usiningoje nife."

"Nitakuja, mama."

Naye alikwenda, mwaka uliofuata, akakaa Pangani mwezi mzima.